Kuhamia shamba kwa fedha za mjini: hesabu ya upepo wa Paje

Zamani mtu wa Ng'ambo, mitaa ya mji wa Zanzibar iliyo nje ya Mji Mkongwe, akisema anahamia shamba, majirani walidhani amefilisika au amegombana na ndugu zake. Leo akisema anahamia Paje, Bwejuu au Jambiani, vijiji vya pwani ya mashariki ya Unguja, wanamuuliza fedha kapata wapi. Neno ni lile lile, shamba, lakini kodi za nyumba za huko zimeshaziacha nyuma za Mpendae na Kwerekwe mjini. Na ukizisikiliza familia za mjini zinazopiga shauri la kuhama, wanachokitaja kwanza ni joto. Mtoto ana harara mgongo mzima, bibi hapati usingizi, uniti za Tukuza, umeme wa kulipia kabla, zinakwisha kabla ya wiki, na kule mashariki, wanaambiwa, usiku mtu anajifunika shuka.

Ni kweli, anajifunika. Lakini shuka ile ina bei yake, na wengi huipigia hesabu wakiwa wameshalipa kodi ya miezi sita.

Tuanze na upepo wenyewe, maana ndio unaonunuliwa. Unguja ina pepo mbili kubwa. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, tangu Disemba mpaka Machi. Kusi huvuma kutoka kusini na kusini-mashariki, tangu Aprili au Mei mpaka Septemba hivi. Zote mbili huingilia upande wa mashariki. Nyumba ya Jambiani huupata upepo ukiwa mbichi, umetoka baharini sasa hivi, haujagusa kitu. Mpaka ufike Amani au Magomeni, mitaa ya Ng'ambo, umeshapita juu ya kilomita 30 hivi za nchi kavu, umeparamia minazi na miembe, ukajigonga kwenye kuta za nyumba zilizobanana mpaka hakuna uchochoro wa kupitisha vespa. Mji Mkongwe angalau una bahari mlangoni. Ng'ambo haina upepo kwa sababu iko nyuma ya kisiwa kizima.

Kipimajoto hakitakuonyesha tofauti kubwa hivyo. Kisiwa ni kidogo na bahari inayokizunguka ni moja. Mjini, mchana wa Februari na Machi huwa kwenye nyuzi 32 hadi 33, na Julai hushuka hadi 28 au 29. Mashariki hupungua kidogo tu. Kinachobadilika ni mwendo wa hewa. Hewa ikikupitia kwa mita 1 kwa sekunde, kiasi cha kutikisa pazia, mwili huhisi kama joto limeshuka kwa nyuzi 2 au 3. Kwa hiyo anayesema Paje ni baridi kuliko Magomeni hasemi uongo, ila kilicho baridi ni ngozi yake.

Jambo hili si la kubishana maneno. Kama faida kubwa ni mwendo wa hewa, basi sehemu yake inaweza kuletwa na feni ya wati 60, na feni haina haja ya kuhama.

Halafu kuna kipindi ambacho upepo wenyewe haupo. Mwisho wa Machi kuingia Aprili kaskazi inakufa na kusi haijashika. Ndiyo maleleji, wakati bahari inalala kama mafuta kwenye sahani. Na jua nalo, kwa kuwa Unguja iko nyuzi 6 kusini ya ikweta, linapita utosini wiki ya kwanza ya Machi, na tena wiki ya pili ya Oktoba. Machi basi jua liko juu kabisa, bahari imeshapata moto wa miezi mitatu, na upepo unayumba. Ndani ya mwamba, maji yakipwa, vidimbwi vya pwani vinakuwa vya moto mpaka mwani unaungua. Akina mama wa Paje na Jambiani, ambako kilimo cha mwani cha biashara kilianza 1989, wameshuhudia aina ya kotonii ikikataa kabisa kwenye maji ya karibu, wakabaki na aina ya spinosamu. Huko mashariki nako kunapata joto.

Lakini nani huenda kutazama nyumba mwezi wa Machi? Watu huenda Julai. Wanapita Makunduchi kwenye Mwaka Kogwa, sherehe za mwaka mpya wa jadi, kipupwe kimetulia, mvua ya mchoo imedondoka kidogo asubuhi, watoto wanacheza mchangani hawataki kuondoka. Jioni dalali anawaonyesha nyumba yenye baraza, na baraza ile ina upepo wa kupeperusha buibui. Julai hata Magomeni kunalalika. Hawalinganishi Paje ya Julai na mji wa Julai. Wanalinganisha Paje ya Julai na mji wa Februari waliouacha kichwani.

Dawa yake ni rahisi. Nunua vipimajoto viwili vidogo vyenye kupima na unyevu, vya aina moja, uviweke pamoja siku nzima kwanza kuhakikisha vinasema sawa. Kimoja kibaki chumba cha kulala cha nyumba yako, kingine ukipeleke kwenye nyumba unayoitaka au kwa jamaa aliye karibu nayo. Vining'inizwe mita moja na nusu kutoka sakafuni, mbali na ukuta wa magharibi na mbali na dirisha. Soma mara tatu kwa siku: saa 8 mchana, saa 4 usiku na saa 10 alfajiri. Fanya hivyo siku kumi, kati ya katikati ya Februari na mwisho wa Machi. Kisomo cha saa 4 usiku ndicho chenye thamani kuliko vyote, kwa sababu hiyo ndiyo saa ambayo watoto wanapaswa kuwa wamelala. Ikiwa tofauti ni chini ya nyuzi 2, tatizo lako halikuwa mji. Lilikuwa paa.

Na paa linastahili kuzungumzwa kwa urefu, maana naona familia nyingi zinakimbia mabati yao zikidhani zinakimbia Ng'ambo.

Bati tupu saa 8 mchana huwa moto kiasi cha kuunguza kiganja, na moto ule huushusha chini kama jiko. Watu huweka silingi, wakadhani wamemaliza. Silingi bila matundu inakizuia kile kijoto kisishuke mchana, lakini kinabaki juu pale kimefungiwa, ubao unapata moto taratibu, na kuanzia Magharibi unaanza kukirudisha chumbani. Ndiyo sababu nyumba nyingi zinakuwa mbaya zaidi saa 3 usiku kuliko saa 10 jioni. Joto lile linahitaji njia ya kutoka. Kanuni ya mafundi wa majengo ni tundu la ukubwa wa sehemu 1 kwa 150 ya eneo la silingi: nyumba ya mita za mraba 100 inataka matundu ya jumla ya mita za mraba 0.67, nusu yake chini kwenye upenu, nusu juu kwenye pembe za kenchi. Hewa inaingia chini, inapanda, inatoka juu. Wavu wa chuma wa matundu madogo usisahauliwe, la sivyo popo watahamia wiki ya pili na harufu yao haitoki hata kwa udi.

Baada ya hapo, rangi nyeupe juu ya bati, koti mbili, baada ya kusugua kutu na kupaka rangi ya kwanza ya kuzuia kutu. Inarudisha sehemu kubwa ya jua juu lilikotoka. Hufifia kwa vumbi na ukungu, kwa hiyo ioshwe masika yakiisha na irudiwe kila baada ya miaka michache. Kisha ukuta wa magharibi, unaopigwa na jua tangu Adhuhuri mpaka Magharibi: upenu wa nusu mita zaidi, au kiambaza cha makuti kilichoachana na ukuta kwa shubiri moja, au mti. Mwarobaini unakua haraka. Mkungu una kivuli kipana lakini mizizi yake iko tayari kuinua karo, yaani shimo la maji machafu, basi upandwe mbali.

Madirisha ni suala gumu zaidi mjini, kwani jirani ameshajenga. Nyumba inayofungua mashariki inapokea kaskazi na kusi zote. Inayofungua kusini na magharibi tu inapata kusi tu, na kaskazi haiioni kabisa. Kama ukuta wa mashariki umezibwa, toboa juu, karibu na silingi, uweke matofali ya matundu. Wazee wa Mji Mkongwe walijenga kuta za mawe na chokaa zenye unene wa nusu mita na zaidi, na dari za juu sana, wala hawakuwa na umeme. Sisi tumejenga kwa tofali la inchi 6 na silingi ya kufikiwa na mkono, halafu tunalaumu hali ya hewa.

Tuseme yote hayo yamefanywa na bado bibi halali. Kiyoyozi cha BTU 12,000, cha kawaida, hula kama uniti 1.15 kwa saa kompresa ikifanya kazi. Usiku wa saa nane, kompresa ikifanya kazi asilimia 60 ya muda, ni uniti 5.5, kwa mwezi, 165. Kwa bei ya kuhesabia ya shilingi 300 kwa uniti, hiyo ni 49,500. Vyumba viwili, 99,000. Feni tatu za wati 60 kwa saa kumi kila usiku hazifiki hata uniti 55 kwa mwezi. Shika tarakimu hizi mkononi, tutazihitaji sasa hivi.

Sasa kuhama. Chukua familia ya watu sita, wazazi wote wawili wanafanya kazi mjini, nyumba yao ya mjini wanalipia 350,000 na ya Paje inatakiwa 800,000. Ni tarakimu za mfano tu, weka zako. Tofauti ni 450,000 kwa mwezi, na hapo ndipo wengi husimama. Wanasema tutajibana.

Kutoka mjini hadi Paje, kwa njia ya Tunguu, Jozani na Kitogani, ni kilomita 50 hivi. Kwenda na kurudi ni 100. Siku 22 za kazi ni kilomita 2,200. Gari ndogo ya injini ya 1,500 inayokula lita 8 kwa kilomita 100 itakunywa lita 176 kwa mwezi. ZURA, mamlaka ya udhibiti wa maji na nishati Zanzibar, hutangaza bei ya mafuta kila mwezi. Kwa 3,000 ya kuhesabia ni shilingi 528,000. Petroli peke yake imeshaizidi tofauti ya kodi, na hujabadilisha oili, wala mpira, wala bushi zinazokatika kwenye vijia vya mawe vya ndani ya kijiji. Pikipiki ya 125 inayokula lita 2.5 itashuka hadi lita 55, yaani 165,000, lakini mpande wawili kila siku kilomita 100, masika na kaskazi, huku ng'ombe wanavuka usiku? Kwa daladala, 309 ya Jambiani au 324 ya Bwejuu, fedha itapungua na muda utaongezeka: saa moja na nusu kwenda ukiwa na bahati, saa moja na nusu kurudi, saa 66 kwa mwezi zinaishia kwenye benchi na magunia miguuni. Na gari ya mwisho ya jioni huondoka mapema kuliko mtu wa mjini anavyodhani. Mwenye kazi inayomtoa saa 12 jioni asiweke hesabu yake juu ya daladala.

Jumlisha: 450,000 na 528,000 ni 978,000. Upande wa pili wa mizani kuna 99,000 za viyoyozi viwili. Hata ukiongeza gharama ya matundu, rangi na upenu, ambayo hulipwa mara moja, mizani haisogei. Familia yenye mishahara miwili ya mjini inayohamia mashariki kwa ajili ya joto peke yake inanunua usingizi kwa bei ya mara kumi. Ikiwa inahama kwa jambo jingine, kwa mfano mmoja wao amepata kazi hotelini, au mstaafu anarudi kwao, au duka litafunguliwa huko, mazungumzo yanakuwa mengine kabisa, na upepo unakuwa bakshishi.

Hata hiyo kazi ya hotelini ipigiwe hesabu ya miezi minane au tisa. Masika yakiingia, hoteli kadhaa hufunga au hupunguza watu, na mshahara wa Aprili na Mei unaweza usije. Kodi ya nyumba haiendi likizo.

Maji. Hapa ndipo mtu wa mjini hutahayari zaidi, kwa sababu hakuwahi kufikiri kwamba kisima kina msimu. Pwani ya mashariki ni maweni, nchi ya uwanda, mwamba wa matumbawe uliojaa nyufa na udongo wa kubandika tu. Maji ya mvua yanapenya chini na kukaa kama utando juu ya maji ya bahari yaliyomo ndani ya mwamba huo huo. Matamu ni mepesi, yanaelea. Chumvi iko chini yake. Ukivuta pole pole unapata matamu. Ukiwasha pampu kubwa saa nne mfululizo, au hoteli ya jirani ikifanya hivyo, utando unakonda na chumvi inapanda. Unguja kwa jumla hupata kama milimita 1,600 za mvua kwa mwaka, lakini upande wa mashariki hupata pungufu, na mwisho wa kaskazi utando uko mwembamba kuliko wakati wowote.

Kwa hiyo maji yapimwe kabla ya kulipa kodi, na yapimwe kwa wakati wake. Kuna kalamu ndogo ya kupimia chumvi iliyoyeyuka, bei yake haizidi sana ya gunia la mkaa. Chini ya miligramu 600 kwa lita ni maji mazuri ya kunywa kwa ladha. Yakipita 1,000 chai hainyweki, na sabuni inakataa povu. Pima bamvua, maji yakiwa yamejaa, baada ya pampu kufanya kazi nusu saa, na kama unaweza kabla ya mvua za masika. Mwenye nyumba atakayekwambia njoo upime Mei, mvua imeshanyesha, anajua anachofanya. Uliza pia karo liko wapi. Umbali wa mita 30 kati ya karo na kisima ndio unaoshauriwa kwa kawaida, ila kwenye mwamba wenye nyufa uchafu hausafiri kwa hatua zetu. Maji ya kunywa yachemshwe au yatibiwe, hata kisima kikiwa mbali.

Mfereji wa ZAWA, mamlaka ya maji ya Zanzibar, ukiwepo, uliza majirani watatu unatoka siku gani, usimuulize mwenye nyumba. Watu sita wakitumia lita 50 kila mmoja ni 300 kwa siku, 9,000 kwa mwezi. Tangi la lita 2,000 ni siku sita na nusu. Mvua ya paani inasaidia sana: paa la mita za mraba 100, ukihesabu upotevu wa asilimia 20, linajaza tangi la lita 5,000 kwa milimita 62 za mvua, na hilo ni siku 16 za matumizi. Masika utamwaga maji mpaka uchoke. Februari utanunua ya gari. Mifereji ya paani iwe ya plastiki, na maji ya mvua ya mwanzo baada ya kiangazi yaachwe yapite, maana yanabeba kinyesi cha kunguru na chumvi yote iliyokaa juu ya bati. Kumbuka pia kwamba kisima chenye pampu ni umeme. Umeme wa Unguja unakuja kwa waya wa chini ya bahari, Ras Kiromoni hadi Fumba, na walio hai tangu Disemba 2009 mpaka Machi 2010 hawajasahau miezi mitatu bila ya huo. Kisima kiwe na mfuniko unaofunguka na ndoo yenye kamba.

Chumvi haiji kwa maji tu. Upepo ule ule unaolipiwa unabeba manyunyu, na ndio unaokula nyumba. Bati la geji 30 linalodumu mjini miaka mingi, mbele ya pwani huanza kutoboka kwenye misumari mapema mno. Nondo zilizofunikwa kwa sentimita 2 za zege hupata kutu, zinavimba, na nguzo inapasuka kwa urefu wake. Pwani zinataka sentimita 4 hadi 5. Mpangaji atasema nguzo si zake, lakini friji ni yake, televisheni ni yake, vespa ni yake. Bawaba, vitasa, wavu wa mbu, mapezi ya kiyoyozi kile cha nje: vyote vioshwe kwa maji matamu kila wiki mbili, na hapo tena unarudi kwenye hesabu ya maji. Ushauri wangu hapa ni wa wazi: ipite barabara kuu. Chumvi ya hewani hupungua haraka sana kwenye mita mia chache za mwanzo kutoka ufukweni, wakati upepo unapungua taratibu. Nyumba iliyo ng'ambo ya barabara, upande wa maweni, hupoteza mandhari na sehemu ya upepo, lakini hupunguza kutu na kodi kwa pamoja. Mandhari ya bahari ni ya wageni. Wao ndio walioipandisha bei.

Mwenye mawazo ya kununua kiwanja na kujenga aende polepole maradufu. Kwa Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya 1992, ardhi yote ya Zanzibar ni mali ya umma iliyo chini ya dhamana ya Rais. Unachonunua ni haki ya matumizi. Karatasi iliyosainiwa mbele ya sheha, mkuu wa shehia, na mashahidi wanne ni ushahidi wa makubaliano, si hati. Anza kwa sheha ujue historia, kisha nenda Kamisheni ya Ardhi ujue kiwanja ni eka tatu, ni wakfu, au kimeshapangiwa hoteli. Eka tatu zilizogaiwa baada ya Mapinduzi si za kukatwa vipande na kuuzwa kienyeji, na uhamishaji wa haki hupita Bodi ya Uhaulishaji Ardhi. Halafu uliza minazi. Kwa desturi zetu mti una mwenyewe mbali na ardhi: unaweza kumlipa mwenye kiwanja, ukajenga, siku ya tatu akaja mzee na panga akisema minazi sita ni ya marehemu baba yake, naye yuko ndani ya haki yake. Miti iandikwe kwenye makubaliano mmoja mmoja.

Skuli haisumbui sana, maana mtaala ni mmoja na barua ya uhamisho hupatikana. Asihamishwe tu mtoto wa darasa la sita au kidato cha nne katikati ya mwaka. Masomo huanza Januari, naye aanze huko Januari. Skuli nyingi za binafsi ziko mjini, na chuo cha Kurani kizuri hakikosekani kijiji chochote cha kusini. Hospitali ya Wilaya ya Kitogani iko njiani, si mbali na Paje, lakini mwenye mjamzito wa hatari au mzee wa figo ahesabu muda wa kufika hospitali ya Mnazi Mmoja mjini saa 9 usiku, na ajue gari ya nani. Kijana wa miaka 15 ni hesabu nyingine. Pwani ina fedha ya haraka, na upapasi, yaani kuwafuata na kuwatembeza watalii, humlipa mtoto kwa siku moja kile ambacho mwalimu wake anakipata kwa juma. Wapo wazazi waliohamia upepo wakapoteza mwanafunzi.

Kwa wasioweza mashariki wala hawawezi tena kukaa Magomeni, Tunguu, Bungi na vijiji vya njia ile vinasahauliwa bure. Havina upepo wa Jambiani, lakini nyumba hazijabanana, miembe bado ipo, na mwendo wa mjini ni nusu au chini ya nusu ya ule wa Paje. Nyumba yenye paa lililotobolewa vizuri na madirisha ya mashariki pale Tunguu hutoa sehemu kubwa ya kile kinachotafutwa, bila ya kutu.

Na aliyeshapiga hesabu zote, akaona mashariki kunamfaa, asifunge mkataba Julai wala Disemba. Aende mwisho wa Aprili, masika yakinyesha, hoteli zimefungwa na nyumba ziko wazi. Ndio wakati mwenye nyumba anapopokea simu. Adai bei kwa shilingi: tangu Machi 2025 kanuni zimekataza kutaja na kutoza bei za ndani kwa fedha za kigeni, ingawa madalali wa pwani bado ulimi unawateleza. Mkataba uwe wa miezi 12 kamili, na uandikwe wazi kwamba mpangaji hatatolewa wala kuongezewa kodi Disemba hadi Februari kupisha wageni wa wiki mbili. Mwenye nyumba akikataa kifungu hicho kimoja, nyumba ile ni ya kipupwe tu.